Njia ya Nje ya Kipilefti

Wekesa mwanangu,

Kwa watu wote wa nyumba hii, na kwa yeyote apitaye barabarani: inatangazwa rasmi kwamba leo jioni sanduku la bati la Bwana Wekesa limefungika. Lilikataa asubuhi, likakataa mchana, na mwishowe likashindwa na makalio ya baba yake mzazi, aliyelikalia kwa heshima zote huku mama akibonyeza kufuli na mbwa akibweka. Majeruhi ni mmoja, yaani suruali yangu ya kanisani. Imechanika mahali ambapo mchungaji hataona nikiwa nimekaa, ila kwaya wataona nikisimama. Wananchi wanaombwa watulie.

Wewe ulikuwa nje unaaga marafiki zako kama mtu anayekwenda Ulaya. Naivasha, mwanangu. Mtu akikohoa kule, kwa upepo mzuri tutasikia hapa Nakuru. Lakini mama yako ameshaanza kunyamaza kile kimya chake cha msiba, na mimi nimeazima kalamu kwa jirani nimwandikie mtu aliyelala chumba cha pili. Najua ungesema, "Baba, si uniite tu tuongee?" Ningekuita. Ila mimi nikianza kuongea na wewe ana kwa ana, kila kitu hugeuka kichekesho, na hili nataka libaki lilivyo. Nitakupa barua hii kesho stesheni. Usiifungue kabla ya Gilgil.

Maagizo sina. Oili, maji ya radieta, breki za kuteremka mlima, hayo unayajua kuliko mimi. Ndiyo faida ya kupasi mtihani wa leseni mara ya kwanza. Mimi nilianguka mpaka mtahini akaizoea sura yangu. Na mambo ya fulana za baridi na kuomba kabla ya kula ni idara ya mama yako, idara ambayo haijawahi kufunga ofisi.

Nakuandikia kwa sababu ya mtu unayekwenda kukaa kwake.

Jumapili tukiwa mezani, mama yako alisema Mjomba Barasa amekubali ukae kwake mpaka hao wenye shamba la mboga pale ziwani, utakaowaendeshea lori la Nairobi, wakupe nyumba. Wewe ukasema, "Sawa, lakini nikimkuta amelewa nitalala stesheni." Ukacheka. Mimi nikacheka. Mama yako akainuka kwenda kuangalia sufuria jikoni, na sufuria ilikuwa mezani mbele yetu.

Hadithi ya Mjomba umeisikia kwangu, na kwangu tu. Jinsi Barasa, mtu wa kanisa, mtu ambaye siku ya arusi yake mwenyewe alikunywa uji wenzake wakinywa pombe ya busaa, siku moja aliamua kuonja, na siku hiyohiyo akaingia na baiskeli mbele ya lori la shemeji yake, yaani mimi. Nilikuwa nainuka nionyeshe alivyoyumba. Nilishika hendeli za baiskeli isiyokuwepo, nikafumba jicho moja, nikapiga kengele kwa ulimi. Ulikuwa mdogo, ulijikunja kwa kicheko ukaniomba nirudie, na mimi nikarudia. Baadaye nikawakuta wewe na watoto wa jirani mkicheza mchezo wa Mjomba. Mmoja ni lori, mwingine ni Mjomba, na anayekuwa Mjomba lazima apepesuke kabla ya kuanguka. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Ningeweza kusema neno. Nilisema, "Msichafue nguo."

Hadithi ile ni ya uongo, Wekesa. Mjomba wako hakuwa amelewa siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Sasa wewe ni mtu mzima mwenye leseni, na kesho unabeba sanduku kwenda kulala chini ya paa la mtu ambaye baba yako amekufundisha kumcheka. Atakupa kitanda alale yeye chini, namjua. Atakuuliza habari za nyumbani, na wewe utakuwa unanusa pumzi zake. Hilo ndilo linaloniogopesha. Siogopi Nairobi, siogopi lori, naogopa utakavyomtazama ukivuka mlango wake.

Kwa hiyo itanibidi nikueleze habari za kipilefti, nawe uvumilie, maana baba yako hajui kufika mahali bila kuzunguka.

Kile kipilefti cha mjini kwetu zamani kilikuwa duara la majani na maua tu pale barabara zinapokutana, na kila mtu alikizunguka alivyojua. Kisha wakaja watu wa barabara na makopo ya rangi nyeupe, wakachora mstari kwenye lami kulizunguka lile duara, zikawa njia mbili: ya ndani, inayopakana na maua, na ya nje. Mstari ni wa nini, hawakumwambia mtu. Walipaka, wakakunja kamba zao, wakaenda.

Madreva wa malori tulikuwa tunakunywa chai kwenye kibanda karibu na ghala la pareto, na huko ndiko bunge lilikaa.

"Mbona ni rahisi," alisema mzee mmoja aliyekuwa akibeba maziwa. "Posta kuna dirisha lao na dirisha letu. Treni ina behewa lao na behewa letu. Choo, usiseme. Sasa barabara nayo imepata mstari. Ndani ni wazungu, nje ni sisi."

"Na Wahindi je?"

"Wahindi wakanyage mstari."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika, lakini tuliamini. Usituone wajinga. Katika mji ambao kila mlango ulikuwa na watu wake, nani angefikiri kwamba kuna kitu kimoja kinachotaka kujua unakwenda wapi, wala hakijali wewe ni nani?

Niliyewarekebisha ni mimi. Ndiyo, mimi huyu. Yule mtahini alikuwa ameniangusha kwa sababu ya kipilefti hichohicho, na niliporudi mara nyingine alinihurumia akanichorea kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Ukienda kushoto au mbele moja kwa moja, shika njia ya nje. Ukienda kulia, au ukitaka kurudi ulikotoka, shika njia ya ndani na utoe mkono wa kulia dirishani, ili wote wajue bado unazunguka. Ukiipita ile barabara iliyo kabla ya yako, rudisha mkono, vuta nje polepole, toka. Nikamwuliza kama hata dreva mwenye lori la pareto anaingia ndani. Akasema, "Wewe hutaki kufika?"

Nikaipeleka habari hiyo kibandani kama mtu aliyeshuka mlimani na amri kumi. Sahani ya chai ndiyo duara, kipande cha mkate ndicho lori. Nilizungusha mkate ule siku nzima mpaka mwenye kibanda akaniambia ama niule ama niulipie. Wakaanza kuniita Mwalimu. Mwanangu, hujui jina kama hilo linavyoingia kwenye damu ya mtu aliyeachia shule darasa la pili. Nilianza hata kutembea tofauti. Mama yako aliniuliza kama mgongo unauma.

Barasa alikuwa akipita kibandani akienda kazini kwenye kiwanda cha mbao. Alikuwa na baiskeli yake nyeusi, aliyoipangusa kuliko watu wengine wanavyopangusa watoto. Alivuka kipilefti kile kila asubuhi, na kilimtia hofu.

"Sasa shemeji," akaniuliza, "mimi mwenye baiskeli nafanyaje?"

"Simama mdomoni mwa barabara yako, uangalie kulia. Ukiona gari lina mkono nje, liko ndani, liache lipite. Ukiona liko njia ya nje na dreva hajatoa mkono, hilo litatoka kwa barabara yako kabla halijafika mbele yako. Usilingoje. Ingia."

"Nikiingia halafu lisitoke?"

"Litatoka, Barasa. Barabara ina sheria. Si kama kanisani kwenu mnakaa kimya mkimngoja Roho."

Wenzangu wakacheka. Yeye naye akacheka, akapandisha suruali kwa kile kibanio chake cha mguuni, akasema, "Haya, Mwalimu."

Haukupita muda nikawa naingia kipilefti na mzigo wa pareto, nikienda kulia, ghalani. Nilishika njia ya ndani, mkono nje, mtu wa sheria kabisa. Nyuma yangu gari la kijivu likaanza kupiga honi. Nikajiambia huyo hajasoma. Nilipotoka, likanifuata mpaka langoni mwa ghala. Akashuka mzungu mmoja nisiyemjua, ana fimbo ya kutembelea. Akasema, "Wewe nafanya nini njia yangu?" Mkono wangu ulikuwa bado uko dirishani. Aliupiga hapo ulipokuwa, mara kadhaa, bila hasira nyingi, kama mtu anayekung'uta zulia. Kisha akaingia garini akaenda. Wapakuzi wa ghala wote walikuwa wamegeuka wanatazama magunia.

Kibandani waliniuliza mkono umefanya nini. Nikasema nimebanwa na mlango wa lori. Nikachukua kipande cha mkate, nikaendelea kufundisha.

Na tangu siku ile, Wekesa, mimi Mwalimu nilikizunguka kipilefti kile kwa njia ya nje, hata nilipokuwa nakwenda kulia, na mkono wangu ulibaki ndani ya lori. Nikifundisha hivi, nikiendesha vile. Sikumwambia mtu. Nani anataka mwalimu anayeogopa somo lake mwenyewe?

Utasema kosa ni la mwenye fimbo. Nimejiambia hivyo miaka yote hii, na nusu yake naikubali. Lakini fimbo ile ilinipiga mkono. Haikunipiga ulimi.

Unajua yaliyobaki, ila uliyajua yakiwa yamegeuzwa. Askari aliandika alivyoambiwa. Barasa alilala hospitali muda mrefu, na mguu ukapona vibaya, kama ulivyouona. Kiwandani walisema msumeno na pombe havikai pamoja, wakampa mtu mwingine nafasi yake. Kanisani alikuwa akikaa benchi la mbele na wazee. Akahamishiwa nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na watu waliowekwa katika majaribio kwa makosa yao. Hakubishana. Alikaa pale akakunja mikono. Mwishowe akaona afadhali Naivasha, ambako hajulikani, akafungua kazi ya kuziba pancha na kunyoosha rimu za baiskeli. Mimi nilibaki na leseni, na nyumba yetu hapa shambani kwa Bwana mwenye lori, na wewe ukabaki na shule yako. Umesomea kwenye lori lile.

Mama yako anamjua ndugu yake. Hajaniuliza hata siku moja. Siku ile alisonga ugali, akaniwekea maji ya kuoga, na toka hapo akaacha kuniita lile jina langu la utani alilonipa tulipooana. Nimewahi kuishi na watu wenye kelele na watu wa kunyamaza. Kelele ni nafuu.

Na mimi, badala ya kunyamaza pamoja naye, nikaunda hadithi ya kuchekesha. Nilikuwa nimeshasema uongo mmoja mfupi barabarani. Ungeweza kubaki mfupi. Lakini watu walikuja kuuliza ilikuwaje, nikaongeza kuyumba, nikaongeza jicho lililofumbwa, nikaongeza kengele, na kila mtu aliyecheka alinisaidia kuubeba. Wewe ulinisaidia kuliko wote. Hukujua. Mzigo ulikuwa wangu, nikaupakia kwenye kicheko cha mtoto.

Unakwenda kuendesha magari ya Nairobi, na huko wanasema vipilefti ni vingi kuliko visima. Utashika njia iliyo sawa, sina wasiwasi, umefundishwa vizuri kuliko mimi. Ninachojua mimi ni kidogo, nacho nimekipata kwa gharama ya mguu wa mtu mwingine: yule anayengoja pale mdomoni mwa barabara anakuamini. Hakujui jina, hajui umelalaje, hajui nani alikupiga jana. Anatazama ulipo, basi, anaweka maisha yake hapo. Ukiogopa, simama kabisa, wakupigie honi mpaka wachoke. Usimwonyeshe njia moja ukaenda nyingine.

Nilisema maagizo sina. Hiyo haikuwa mahubiri, ilikuwa kikohozi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nitapanda treni nije. Nitakwenda naye kanisani kwao, na kwa kuwa pale mtu yeyote anaweza kusimama akasema, nitasimama. Kisha nitarudi hapa Nakuru niseme kwenye lile kanisa lililomkalisha mlangoni, na kibandani, mbele ya madreva waliobaki. Usimwambie kwamba nakuja. Akijua atachinja kuku, na mimi sijui kuungama nikiwa na paja la kuku mkononi. Wala usimwombe msamaha kwa niaba yangu; hiyo si kazi ya mtoto, nimeshakutwika vya kutosha. Wewe ukifika mwamkie kwa mikono miwili, ukae anapokuambia ukae, na akikuambia jambo lolote, hata la kuziba pancha, ulisikilize kama linatoka kwa mtu mkweli. Ndivyo alivyo.

Sasa nitakwambia ilivyokuwa, mara moja, bila kuinuka kuonyesha.

Ilikuwa asubuhi, barabara kavu, jua safi. Nilikuwa nakwenda kulia, ghalani, na nilikishika kipilefti kwa njia ya nje. Kwenye kioo niliona gari la mzungu likinifuata. Si lile la kijivu, lakini mkono wangu haukungoja kujua. Niliukandamiza kwenye paja. Mbele, mdomoni mwa ile barabara inayonyooka na ile niliyotokea, Barasa alikuwa amesimama na baiskeli, mguu mmoja chini. Alikuwa anaangalia kulia, kama nilivyomfundisha. Aliliona lori. Aliona njia niliyoshika, akaona dirisha halina mkono. Nadhani alinitambua pia, kwa sababu alitabasamu. Kisha akainua mguu, akaingia.

Sikutoka. Nilizunguka.

Niliposhuka, baiskeli ilikuwa chini ya gurudumu, naye amelala kwenye lami, mguu umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Alikuwa amegonga kichwa, na maneno yalimtoka mazito, yakiteleza. Alisema, "Shemeji, ulikuwa njia ya kutoka." Hakulaumu. Alisema kama mtu anayeuliza kama amesoma vibaya.

Askari wa trafiki akaja mbio. Akaniuliza mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama. Nimejiambia mara nyingi kwamba pale nilimfikiria mama yako, nyumba, na wewe uliyekuwa shuleni asubuhi ile. Ningependa uamini hivyo. Lakini nilifikiria kibanda cha chai. Nilifikiria kwamba kabla ya saa sita wote watajua Mwalimu alikuwa njia ya nje.

Nikasema, "Aliyumba akaingia. Nadhani amekunywa."

Askari akapiga goti, akainama mpaka karibu na mdomo wa Barasa, akavuta pumzi. Akainuka akinitazama, kwa maana hakunusa kitu. Akamwinamia tena.

"Mzee, umekunywa?"

Damu ilikuwa inamwingia Barasa katika jicho moja. Lile la pili lilikuwa wazi, na lilikuwa kwangu. Akasema polepole, akitafuta kila neno, "Muulize shemeji. Yeye alikuwa juu. Ameona vizuri."

Askari akanigeukia mara ya pili.

"Amekunywa," nikasema.

Baba yako